Theluji ya Kilimanjaro na Mungu Asiyeonekana

Kumweleza mtu habari ya kitu ambacho hajakiona, na kutaka aiamini, ni kazi ngumu. Nayo huzidi ugumu ikiwa msikiaji ni mtu wa umri na elimu, na msemaji ni kijana au mgeni. Walimu wa dini wapendao kufundisha neno hili hutaja mara nyingi habari ya Johannes Rebmann na theluji ya Kilimanjaro. Habari yenyewe ni ya kweli, tena ni nzuri, ila si kila funzo litolewalo humo lililo sawa.

Rebmann alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society cha Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, pamoja na mwenzake Ludwig Krapf. Mwishoni mwa Aprili 1848 akatoka Rabai kwenda Uchaga, mwavuli mkononi, pamoja na watu wachache na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona mbele yake mlima mkubwa, na juu yake weupe, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, akajibiwa neno moja tu: baridi. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile, kwa kuwa mtu wa pwani hana haja ya kuitaja theluji. Walakini tabia yake aliijua. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi yenye theluji, akafahamu mara moja.

Habari hiyo ikachapishwa Uingereza mwaka 1849. Huko London palikuwa na mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyekuwa amesoma vitabu vingi vya Afrika, vya Waarabu na vya Wareno, wala hakupata kukanyaga nchi yenyewe. Yeye akakataa kabisa. Theluji karibu na Ikweta, chini ya jua kali namna ile! Akanena kwamba Rebmann aliiona theluji kwa fikira zake, wala si kwa macho. Mwaka 1852 akatoa kitabu cha habari za bara la Afrika, na humo akashikilia neno lake.

Sababu ya theluji haikuwa siri kubwa. Kadiri mtu apandavyo juu, hewa huzidi kuwa baridi. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6, na kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Mwaka 1861 Karl von der Decken, Mjerumani, akaja na Mwingereza Richard Thornton kuutazama mlima, na mwaka uliofuata akaupanda na Otto Kersten, wakafika zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawanyea. Hata hapo Cooley hakugeuka. Theluji na barafu ya mlima ule imepungua sana tangu zamani zile, lakini hakuna tena abishaye kwamba ipo.

Basi, husemwa, mtu asiyemwamini Mungu ni kama Cooley: akataa kwa kuwa hakuona, hali mwenye kuona amekwisha shuhudia. Mfano huu huwapendeza wanafunzi, maana humfanya asiyeamini aonekane mjinga, na kila mtoto hufurahi kuwa upande wa mshindi. Lakini mfano wenyewe unachechemea mguu mmoja. Mlima hupandwa. Yule aliyemkana Rebmann mwaka 1849 angeweza kupanda chombo, akaja, akaishika theluji kwa mkono wake, na maneno yakaisha. Mungu hana njia ya kupandwa namna hiyo. Hatatokea von der Decken wa kumpima na kurudi na hesabu. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi kwamba imani ni sawa na kuamini theluji amempa fimbo ya mabua: siku atakapoiegemea kwa uzito wake wote, itavunjika.

Tena kosa la Cooley halikuwa kuuliza. Aliyeuliza, mzungu aliyevaa hariri au mzee aliyevaa ngozi, hana kosa. Kosa lake ni kwamba aliulizia vitabuni mwake tu, akamdharau mtu aliyekwenda kwa miguu. Na kosa hilo Mkristo naye aweza kulifanya, tena hulifanya mara nyingi, pale amwendeapo asiyeamini akiwa na kinywa bila masikio.

Rabai yenyewe yatoa mfano ulio bora kuliko ule wa mlima. Wamijikenda, ambao zamani waliitwa Wanyika, walimjua Mulungu kabla ya Krapf kuja. Walimwomba mvua katika kaya zao, msituni. Kama Bwana Kheri alivyoijua baridi ya kitu asichokuwa na jina lake, wazee wale walijua kwamba yuko wa juu, ampaye mtu uhai na kuutwaa. Wala mjumbe wa Injili hakuja kuwaambia kwamba hawajui neno lo lote. Alikuja na habari ya kwamba huyo wa juu amekaribia, katika Yesu Kristo. Habari hiyo haikuweza kuonyeshwa kwa kidole. Iliweza kuonyeshwa kwa maisha tu, na maisha huchukua muda.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosina akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mtu akimwuliza mwanafunzi, "Huyo Mungu wako mwema alikuwa wapi mwanangu alipokufa?" asidhani ameulizwa na adui. Krapf hakuwa na jibu la kuwekwa mezani kama theluji mkononi. Alikuwa na kaburi, naye akabaki. Miaka ikapita kabla hajapatikana Mkristo wa kwanza wa Rabai, kiwete mmoja aliyeitwa Mringe, naye alibatizwa mwaka 1851, karibu na kufa kwake. Baadaye wakaja Abe Gunga na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Watu hao hawakushindwa kwa hoja. Walikuwa wamekaa na wale wageni, wakawatazama.

Neno hili lamhusu sana mwanafunzi arudiye nyumbani siku za likizo. Amejifunza kusoma, na bibi yake hajui. Amebatizwa, na babu yake angali akitambika. Wapo wanafunzi waingiao uani siku ya kwanza na kuanza kuhukumu: chungu hiki cha ushetani, wimbo huu wa giza. Bibi husikiliza, hunyamaza, na moyoni husema kwamba shule imemharibu mtoto. Amesema kweli. Mtoto huyo amekuwa Cooley mdogo: amekuja na kitabu, wala hakuuliza.

Mwingine huamka mapema, akateka maji, akapasua kuni, akamwamkia babu kwa heshima ile ile ya kwanza. Siku ya tambiko huomba ruhusa asishiriki, naye huomba kwa upole, akiinamisha kichwa. Na huenda akakaripiwa, au hata akafukuzwa kwenye chakula usiku ule. Hilo si jambo dogo kwa mtoto, wala mwalimu asilifanye dogo. Lakini asubuhi maji yatekwa tena. Kisha jioni moja babu atauliza, "Haya, mnasali kwa nani huko?" Hapo ndipo pa kusema, kwa maneno machache, na pale asipojua aseme hajui. Huenda babu asiamini kamwe, na heshima yake haitapungua kwa ajili hiyo.

Rebmann alikaa Afrika ya Mashariki miaka 29. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853 kwa ugonjwa. Mkewe Rebmann, Emma, alifariki mwaka 1866. Wakristo wa Rabai walikuwa bado wachache sana. Na yale macho yaliyoiona theluji, ambayo London haikuyasadiki, yakaingia giza kidogo kidogo, hata mwisho hakuweza kuusoma tena uso wa mtu. Mwaka 1875 alirudi Ujerumani, akisindikizwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Alikufa huko Korntal mwaka 1876, akimwamini yule ambaye hakupata kumwona hata zamani macho yake yalipokuwa mazima.