Bumu limeingia, lakini kabla hujakimbilia sabufa nisikilize kwanza

Haya wadau, nimerudi. Nilipotea kama wiki mbili hivi, si mnajua tena, testi zilifuatana kama daladala za asubuhi. Sasa zimeisha, bumu limeingia juzi, na hapa hosteli kila mtu ana mipango yake. Kuna wa simu, kuna wa viatu, na kuna jirani yetu wa chumba cha tatu ambaye hela karibu yote ameipeleka Kariakoo, akarudi na sabufa yenye kibandiko kinachosema wati 10,000. Jamani, wati elfu kumi! Soketi ya ukutani ya amp 13 kwenye volti 230 haifikishi hata wati 3,000. Sasa hizo elfu saba nyingine zinatoka wapi, kwa maombi? Na mwenyewe sa hivi anapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, mpaka awamu nyingine.

Simcheki (sawa, namcheka kidogo). Ila tangu juzi watu watatu wamenifuata: "Wewe si unasoma ualimu wa fizikia, hebu tuambie, mtu akitaka mziki wa ukweli nyumbani abadilishe nini?" Nimechoka kurudia rudia, ndio maana leo naandika. Msimamo wangu ni huu: anza na mahali ulipoziweka spika, halafu spika zenyewe, halafu ampli, na waya za bei mbaya ziwe mwisho kabisa au zisiwepo. Wengi wetu tunaanzia upande wa pili. Na sisemi haya kwa kusoma tu, yalinikuta nyumbani.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, nyumbani ni Morogoro. Redio yake kubwa aliinunua mwaka 1996, mimi hata sijafikiriwa: ampli ya wati 40 kila upande, deki ya kanda, deki ya CD, na spika mbili za mbao zinazofika magotini. Jumapili baada ya kanisa lazima apige dansi la zamani, na sisi watoto tulikuwa hatugusi kitu. Sasa mwaka jana kaka yangu mkubwa akanipigia simu. "Mzee siku hizi hasikilizi mziki kabisa. Anasema maneno hayasikiki, eti masikio yamekwisha. Tuchange tumnunulie sabufa kubwa, ile takataka tumwachie fundi."

Mchango wangu ulishapangwa: laki moja. Wadau, laki moja ya bumu mnaijua. Ni hela ya kula, na ndiyo niliyoitenga kwa ajili ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Lakini utamkatalia vipi kaka aliyekulipia ada ya sekondari? Nikasema sawa kaka, ila naomba nifike kwanza nimsalimie Mzee.

Nikafika. Baada ya shikamoo na chakula, nikamwomba anipigie wimbo mmoja anaoupenda. "Mama, hiyo redio imekufa," akasema. "Piga mwenyewe." Miaka yote nilikuwa naitamani hiyo ruhusa, nimekuja kuipata siku ambayo mwenyewe ameshakata tamaa. Iliniuma, nisiwadanganye.

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Spika moja iko juu ya kabati, karibu na dari. Ya pili iko sakafuni nyuma ya kochi, kwenye kona, imefunikwa na kitambaa cha maua. Sebule ilipakwa rangi na kuwekwa vigae miaka ya karibuni, na waliohamisha vitu walirudisha redio pale palipokuwa na nafasi. Nikapiga mziki. Kweli, sauti ya mwimbaji ilikuwa imezama, inaelea elea, huijui inatokea wapi. Besi nayo haipo, ni mvumo tu.

Hapa niwarudishe darasani kidogo. Mwaka 1931 injinia Mwingereza aitwaye Alan Blumlein, wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya kile tunachokiita leo stereo. Wazo lenyewe ni kwamba spika mbili zikifanya kazi pamoja zinalidanganya sikio: mwimbaji anasikika katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote, huku gitaa liko kushoto na tarumbeta kulia. Lakini huo uongo unakubali kwa masharti. Sauti ya spika zote mbili lazima ikufikie kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Ukiweka moja darini na nyingine nyuma ya kochi, hata ununue ampli ya mamilioni, huna stereo. Una redio mbili zinazogombana.

Kwa hiyo siku hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusogeza. Nilizitoa zote mbili, nikaziweka juu ya viti vifupi ili ile spika ndogo ya sauti nyembamba ilingane na masikio ya mtu aliyekaa. Nikaziacha na mita mbili kati yao, na kiti cha Baba mita mbili kutoka kila moja, pembetatu yenye pande sawa ya Form One kabisa. Nikazivuta mbali na ukuta kama shibiri mbili, maana ukuta na hasa kona huongeza ule mvumo wa chini unaofunika maneno. Gharama mpaka hapo: sifuri.

Halafu chumba. Simama katikati ya sebule yenu upige kofi moja. Ukisikia mlio unaojirudia kama uko kwenye tangi tupu, basi hata spika nzuri itasikika vibaya humo. Vigae, saruji na vioo hurudisha sauti. Zulia zito, mapazia mazito, makochi ya sponji na rafu iliyojaa vitabu hupunguza hilo. Kitenge chembamba ukutani ni urembo tu, hakisaidii sana. Mama alikuwa na zulia limekunjwa uvunguni tangu vigae viwekwe, nikaliomba, tukalitandaza kati ya spika na kiti. Sifuri nyingine.

Bado besi ikawa hafifu na mwimbaji hajatulia. Nikazima ampli nikakagua waya nyuma. Kumbe spika ya kulia ilifungwa kinyume, chanya kwenye hasi! Hapo spika moja ikisukuma hewa mbele, nyingine inavuta nyuma, zinauana, hasa kwenye besi, na sauti ya katikati inatawanyika. Ukitaka kuhakikisha kwako, piga wimbo uliorekodiwa mono, njia moja, kama zilivyo nyimbo nyingi za zamani sana. Mwimbaji anatakiwa asikike katikati kabisa, kama amesimama kati ya spika. Akiwa hajulikani alipo, angalia waya zako. Nikageuza waya mbili tu, na besi ikarudi.

Ikabaki mikwaruzo upande wa kulia. Je, ni ampli au ni spika? Hapa ndipo watu wanapoliwa hela na mafundi. Fanya hivi: zima ampli, badilishana spika, ya kulia ipeleke kushoto na ya kushoto kulia, kisha washa. Mkwaruzo ukihama na spika, mgonjwa ni spika. Ukibaki upande ule ule, tatizo liko kwenye ampli au nyuma yake. Wa kwetu ulihama. Nikafungua kile kitambaa cha mbele, nikakuta ile ringi ya sponji inayoshika koni imeoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi. Sponji hizo huoza kwa umri, na zinabadilishwa. Fundi wa mtaani alizibadilisha zote mbili, kushoto na kulia ili zilingane, kwa shilingi 40,000 pamoja na ufundi.

Elfu arobaini, badala ya laki na zaidi kutoka kwa kila mmoja wetu.

Sasa nirudi kwenye hoja, maana najua mtasema, "hiyo ni kutengeneza, sisi tumeuliza kununua." Sawa. Ukishamaliza ya bure na bado una hela, nunua spika. Vifaa vingine siku hizi vimefanana sana. Ampli nzuri ya bei ya kawaida na ile ya ghali, zikiwa hazijazidiwa uwezo, masikio mengi hayatazitofautisha kirahisi. CD husoma sampuli 44,100 kwa sekunde kwenye deki ya bei rahisi kama kwenye ya bei mbaya. Lakini spika mbili tofauti hata mtoto atakwambia hazifanani. Hapo ndipo umeme unageuka hewa, na hapo ndipo makosa mengi yanapoingia.

Na kuhusu wati, naomba tuelewane. Ukitoka ampli ya wati 40 ukaenda ya wati 80, umeongeza desibeli 3 tu. Utaona tofauti, lakini ndogo. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi. Kumbe spika yenye usikivu wa desibeli 89 kwa wati moja, ukiilinganisha na ya 86, inakupa zile desibeli 3 bila kubadilisha ampli. Hiyo namba imeandikwa kwenye karatasi ya spika, isome. Usome na omu: kama ampli imeandikwa omu 6 mpaka 16, usiifunge spika ya omu 4, utaichemsha. Na ukiona neno PMPO kwenye boksi, lipite. Namba hiyo kila mtengenezaji anaikuza anavyotaka. Tafuta iliyoandikwa RMS.

Ampli ibadilishe kama inakwaruza, inazima, au ukiongeza kidogo tu inaanza kupasua sauti. Waya? Kwa sebule ya kawaida, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa mita tatu una ukinzani usiofika hata moja ya kumi ya omu, kwenda na kurudi. Mbele ya spika ya omu 8 hiyo ni kitu gani? Atakayekuuzia waya wa laki mbili, msalimie upite. Bora uangalie unachopiga: mafaili yaliyobanwa mpaka yakabaki mifupa, ya kilobiti 64, hayana sabufa itakayoyanenepesha.

Nisiwe mkali sana kwa wapenzi wa sabufa. Kwa filamu, kwa sherehe, kwa chumba kidogo ambacho huna mahali pa kuweka ampli na spika kubwa, sabufa ina kazi yake, na kama roho yako inapenda besi, hela ni yako. Tatizo langu ni pale tunaponunua kabla ya kujua kinachokosekana. Baba hakukosa kelele. Alikosa maneno. Besi nzito hufunika sauti ya mwimbaji, na umri ukienda masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za "s" na "f" zinazotofautisha neno na neno. Yaani zawadi yetu ya upendo ingemzidishia kile kile alichokuwa analalamikia, halafu angenyamaza asituudhi, na sisi tungesema, "unaona, masikio yamekwisha kweli."

Siku ya tatu jioni Baba alikaa kwenye kile kiti. Nikaweka kanda yake moja. Alisikiliza wimbo mzima bila kusema, halafu akanionyesha kwa kidole pale katikati, ukutani, hakuna kitu. "Huyu anaimba amesimama pale," akasema. Kisha akanirekebisha mstari mmoja ambao mimi miaka yote nilikuwa nauimba kimakosa. Bado namsihi akapime masikio, maana kuna kinachopungua kweli na hicho spika haikitibu. Lakini sasa anaacha TV anawasha redio.

Kwa kaka mambo hayajakaa sawa. Nilipompigia kumweleza alinijibu, "Wewe ni mwalimu bana, mambo ya mziki unayajulia wapi," kisha akabadilisha mada. Nadhani alichotaka ni kumpa Mzee kitu kipya kinachoonekana, na mimi nimempelekea risiti ya sponji. Namwelewa. Nimemwambia akija Desemba tukae wote watatu tusikilize, na kama Mzee mwenyewe atasema anataka sabufa, laki yangu ipo... au tuseme itakuwepo, maana hapa nimeshakula elfu kumi na tano yake.

Nyie mliopata bumu juzi, kabla ya Kariakoo, leo usiku sogezeni spika, kagueni waya, pigeni kofi. Halafu mniambie mmesikia nini. Jirani wa chumba cha tatu, ukinisoma, njoo na sahani, wali upo.

Nawasilisha.