Kuchagua Maharagwe ni Kazi

Kuna sheria ya Kiyahudi ambayo watu hupenda kuichekea: siku ya Sabato, usitoe uchafu kwenye chakula. Chukua kile kizuri, kwa mkono, bila ungo wala chujio, kiasi cha mlo wa sasa hivi. Mawe yabaki pale pale. Eti Mungu ana muda wa kuchunguza sinia ya maharagwe?

Cheka, lakini soma kwanza. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka wa 200, inataja kazi 39 zinazokatazwa Sabato. Kumi na moja za kwanza ni safari ya mkate: kupanda, kulima, kuvuna, kupura, kupepeta, kuchagua, mpaka kuoka. Yaani kuchagua chakula kuko kwenye orodha moja na kulima shamba. Na si mambo ya mbali: Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka wa 1919, huishika Sabato hadi leo.

Sasa njoo hapa Kanja. Kahawa ikifika kiwandani huchaguliwa kwanza, nyekundu huku, mbichi kule. Hakuna anayesema huko ni kupumzika. Mikono hiyo hiyo ikirudi nyumbani kuchagua maharagwe ya githeri, ghafla si kazi tena. Ni "mathe yuko tu kwa nyumba."

Serikali yenyewe ilipima. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda karibu mara tano ya wanaume kwa kazi za nyumbani zisizolipwa. Masaa hayo hayaingii kwenye pato la taifa.

Utaniambia hata kwa Wayahudi, wanawake ndio waliopika Ijumaa ili Jumamosi watu wale. Kweli. Sheria haikugawa kazi, iliita tu kazi kazi. Lakini lazima uanzie hapo, kwa sababu huwezi kugawa kitu unachokana kwamba kipo.

Sisi tuna siku ya kupumzika, Jumamosi kwa Waadventista, Jumapili kwa wengine, na kila wiki kuna mtu mmoja nyumbani ambaye haimfikii. Kwa hivyo buda, usingoje ibada iishe ndio uulize chakula kiko wapi. Jioni ya kabla yake, vuta kiti, chukua sinia, uchague maharagwe.