Jirani Huambiwa Kabla, Si Baada

Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili tunawaalika kuutazama mji wa Fray Bentos, bandari ndogo nchini Uruguay, Amerika ya Kusini. Mji huu umejengwa kando ya Mto Uruguay, na ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Argentina. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu wapatao 24,000 tu. Neno "Fray" kwa Kihispania ni jina la heshima la mtawa, na mapokeo ya wenyeji husema kwamba zamani mtawa mmoja mkaapweke aliishi huko pangoni.

Mji huu ulipata kujulikana duniani kwa sababu ya nyama. Kampuni ya Liebig, iliyoanzishwa London mwaka 1865, ilitengeneza hapo rojo nzito ya nyama, kisha nyama ya kopo ambayo askari wa Uingereza waliila katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa mataifa mengi walikwenda kufanya kazi huko. Lakini mwaka 1979 kiwanda kilifungwa, na majengo yake sasa ni makumbusho, tena Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2015. Makumbusho ni jambo jema, lakini hayawezi kuwalisha watoto wa mji mzima.

Kwa hiyo tunaielewa furaha ya wenyeji pale kampuni ya Botnia kutoka Ufini ilipokuja kujenga kiwanda kikubwa cha kugeuza miti ya mikaratusi kuwa malighafi ya karatasi. Tunaielewa pia hofu ya watu wa Gualeguaychú, mji wa Argentina ulio jirani, waliokiona kiwanda kikiinuka mbele ya ufuko wao wa kuogelea. Kwao mto ule ni samaki, ni wageni, ni maisha. Baadhi yao waliifunga barabara ya kuelekea daraja linalounganisha nchi hizo mbili, na tangu mwishoni mwa mwaka 2006 hadi Juni 2010 njia hiyo haikupitika. Mfalme wa Hispania alijaribu kuwapatanisha, asifaulu.

Mwaka 2006 Argentina ilipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na hukumu ilitolewa tarehe 20 Aprili 2010. Mahakama iliona kwamba haikuthibitishwa kuwa kiwanda kimeuharibu mto, wala haikuamuru kibomolewe. Hata hivyo ilisema wazi kwamba Uruguay ilivunja wajibu wake, kwa kuwa ilitoa vibali kabla ya kuiarifu tume ya pamoja ya mto, kama ulivyotaka mkataba wa nchi hizo wa mwaka 1975.

Wapo wanaosema: ikiwa maji hayakuchafuliwa, kosa la kutotoa taarifa ni jambo dogo la makaratasi. Sisi hatukubaliani nao. Anayeficha mpango wake humnyima jirani nafasi ya kuuliza, na asiyepewa nafasi ya kuuliza hataamini tena vipimo, hata vikiwa vya kweli. Papa Fransisko, aliyekuwa mwana wa Argentina, alifundisha katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si', kwamba uchunguzi wa madhara kwa mazingira usije baada ya mradi kuwa tayari, na kwamba wenyeji wa mahali wapewe nafasi ya kwanza katika majadiliano.

Lakini pia hatuwezi kuwasifu waliofunga njia ya darajani. Walioumia kwa miaka ile ni wafanyabiashara wadogo, madereva na familia zenye ndugu pande zote mbili, ambao hawakutia sahihi kibali chochote. Mwaka ule ule wa 2006 baraza la usuluhishi la Mercosur liliona kwamba serikali ya Argentina haikufanya ipasavyo kuifungua njia hiyo. Haki haidaiwi kwa kumwadhibu asiye na kosa.

Tuone basi lililoleta utulivu. Baada ya hukumu daraja lilifunguliwa, na katika mwaka huo huo nchi hizo mbili zilikubaliana kwamba wanasayansi wa pande zote wayapime maji pamoja. Jambo hilo lingeweza kufanyika tangu mwanzo, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Wapendwa, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Bwana anatuagiza kumwendea ndugu yetu kwanza, ana kwa ana, kabla ya kulipeleka jambo mbele ya wengine. Tunapotaka kuuza shamba la ukoo, kuchimba kisima mpakani, au kuanzisha mradi wa parokia, hatuna budi kujiuliza: ni nani ataguswa, na je, tumemwambia? Ukimya wa mtawa yule pangoni ulikuwa wa sala. Ukimya wetu mbele ya jirani mara nyingi ni wa hila, nao hutugharimu zaidi ya maneno ambayo tungeyasema mapema.