Bei ya Kampuni Ina Mafungu Yake

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo tumezoea kumwambia mwenye duka dogo anayekopesha sukari na chumvi pasipo kuandika. Lakini siku hizi unawapasa zaidi wakubwa wa biashara, maana kampuni nzima, pamoja na mitambo yake, wateja wake na wafanyakazi wake, yaweza kuuzwa na kununuliwa katika mji wa mbali, nasi tulio wateja na wafanyakazi hao tukapata habari hiyo kwa redio jioni. Daftari la mauzo ya namna hiyo ndilo tunalotaka kulieleza leo, pamoja na sababu zinazompasa mwananchi kujua yaliyoandikwa ndani yake.

Kanuni za kimataifa za hesabu, ambazo Kenya ilianza kuzifuata mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, zinaitaka kampuni iliyoinunua nyingine iigawanye bei yote iliyotoa katika mafungu. Haitoshi kuandika kwamba fedha kadha wa kadha zimelipwa. Lazima ionyeshe zilikwenda kununua nini.

Tuchukue mfano wa mwenye biashara ya kusaga nafaka anayeiuza kwa shilingi milioni 100. Kiwanja na jengo vina thamani ya milioni 30, mashine milioni 40, mahindi yaliyomo ghalani milioni 5, na wateja wanadaiwa milioni 3. Biashara yenyewe inadaiwa milioni 8. Ukijumlisha na kutoa, utapata mali halisi ya milioni 70. Je, milioni 30 zilizobaki zimenunua nini? Mhasibu hodari atauliza kwanza kama kuna mali isiyoonekana kwa macho. Ataukuta mkataba wa kuiuzia unga shule ya bweni kwa miaka mitatu, na ataukadiria kuwa na thamani ya milioni 12. Zinabaki milioni 18 ambazo haziwezi kushikwa wala kutajwa kwa jina la kitu chochote. Hizo huandikwa kuwa ni thamani ya jina jema la biashara.

Ndugu msomaji asidhani kwamba mgawanyo huo ni mchezo wa makarani. Thamani ya ule mkataba itapunguzwa vitabuni kila mwaka, milioni 4 kwa miaka mitatu, na kwa hiyo faida itaonekana ndogo. Jina jema, kwa kanuni hizo, halipunguzwi kila mwaka. Hupimwa tu mara kwa mara kuona kama thamani yake imeshuka. Basi meneja anayetaka kujisifia faida kubwa atavutwa kulijaza fungu hilo la mwisho, na kuyapunja mengine. Siku ukweli unapodhihirika, mzigo wote huanguka kwa kishindo. Makampuni ya AOL na Time Warner ya Marekani yaliungana Januari mwaka 2001. Mwaka 2002 kampuni hiyo moja ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 99, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikuwa ni jina jema lililofutwa vitabuni. Fedha zilizodhaniwa kuwa mali zilikuwa ni matumaini.

Liko jambo jingine linalotugusa zaidi. Kanuni zinaruhusu orodha ya wateja ihesabiwe kuwa mali ya peke yake na kupewa thamani. Lakini wafanyakazi waliokwisha kufunzwa na kuzoeana kazini hawaruhusiwi kuandikwa katika fungu lao. Thamani yao humezwa ndani ya jina jema. Wahasibu wana sababu yao, kwamba mtu hamilikiwi na kampuni na aweza kuondoka kesho. Sababu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, chama cha wafanyakazi kinapokaa mezani kujadili mishahara baada ya kampuni kuuzwa, kikumbuke kwamba katika fungu lile la mabaki umo ustadi wa wanachama wake, nao umekwisha lipiwa. Aliyelipwa ni muuzaji.

Sasa tuje nyumbani. Mwezi wa Juni mwaka 2010 kampuni ya Bharti Airtel ya India ilikamilisha ununuzi wa shughuli za simu za Zain katika nchi 15 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, kwa dola bilioni 10.7 pamoja na madeni. Muuzaji alikuwa kampuni iliyoandikishwa Uholanzi, na mnunuzi alitumia kampuni iliyoandikishwa huko huko. Bei ilikuwa moja kwa nchi zote. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilidai kodi ya takriban dola milioni 85 juu ya mauzo hayo. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliikatalia mwaka 2011, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba Mamlaka inayo haki ya kuutoza uuzaji huo.

Hukumu hiyo inatufundisha kwamba haki ya kutoza haitoshi. Ukiwa na haki ya kutoza, bado utaulizwa: katika zile bilioni, ngapi zilikuwa za Uganda? Jibu haliwezi kupatikana katika vitabu vya kampuni iliyonunuliwa, kwa kuwa bei na mgawanyo wake huandikwa katika hesabu za pamoja za mnunuzi. Vitabu vya Kampala au Dar es Salaam huendelea kama jana, kana kwamba hakuna lililouzwa.

Tanzania ilichukua hatua mwaka 2012 kwa kurekebisha kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ili umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu, hata kama hisa zimeuzwa ng'ambo, kampuni ihesabiwe kuwa imeuza mali yake kwa bei ya soko. Tunaipongeza hatua hiyo. Lakini sheria isiyo na daftari ni jembe lisilo na mpini. Kwa hiyo tunashauri kwamba kila mnunuzi anayeomba idhini ya Tume ya Ushindani awajibike kuleta mgawanyo wa bei, nchi kwa nchi na fungu kwa fungu. Nakala ipelekwe kwa Mamlaka ya Mapato. Na jumla zake zitangazwe, ili wenye hisa wadogo na wafanyakazi wapate kuzisoma.

Wako watakaosema kwamba tutawafukuza wenye mitaji. Hofu hiyo haina msingi. Mnunuzi hutakiwa na kanuni zile zile kukamilisha mgawanyo wake katika muda usiozidi mwaka mmoja, na wakaguzi wake huuona. Sisi tunaomba nakala ya kile anachokiandika tayari. Wala hatusemi kwamba kila shilingi iliyozidi mali halisi imeibwa. Pengine mnunuzi analipia faida atakayoipata kwa kuunganisha mitambo yake mwenyewe na ile ya jirani, na sehemu hiyo si yetu. Akiwa na hoja hiyo, aiandike na tuipime kwa haki.

Chema chajiuza, nasi hatukatazi kiuzwe. Tunachokataa ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia, tena mbuzi mwenyewe akiwa ni wetu. Serikali isingoje mauzo mengine makubwa ndipo ianze kuuliza. Itoe agizo hili sasa, na vyuo vyetu vya uhasibu viwafunze vijana kazi ya kuthamini mali isiyoonekana, ili siku daftari litakapofunguliwa mbele yetu tuwe na watu wa kulisoma.