Toka Mukono mpaka Bunia: shule ya wachungaji ikigeuka univerisite, mchungaji wa kijiji atasomea wapi?

Magari makubwa yenye kuleta bidhaa Bunia, Beni na Butembo kutoka Mombasa yanapita karibu yote njia moja: Malaba ao Busia, Jinja, kisha Mukono, mbele ya kuingia Kampala. Wachuuzi wengi wa Ituri na Kivu ya Kaskazini wamepita pale Mukono bila kujua ya kama kuna majengo ya zamani ambayo historia yake inagusa upande huu wa mpaka. Leo ni Uganda Christian University, wanafunzi wanasomea pale sheria, biashara, uandishi wa habari. Lakini toka 1913 mpaka 1997 palikuwa shule ya kutayarisha wachungaji wa Kanisa Anglikana, jina lake Bishop Tucker Theological College.

Hapa Bunia pia ile njia imefuatwa. Institut Supérieur Théologique Anglican, ile ambayo watu waliizoea kwa jina la ISThA, njo ilizaa Université Anglicane du Congo. Teolojia, ambayo ilikuwa sababu ya kufungua nyumba, sasa ni masomo moja kati ya mengine. Wazazi wengi wanafurahi, na wana haki: mutoto anapata masomo ya juu bila kupelekwa Kampala ao Kisangani. Swali linabaki kwa wale waliokuwa wa kwanza kupangiwa ile nyumba, ni kusema wakatekista na wachungaji wa vijiji vya Irumu, Djugu, Mahagi na Aru.

Tucker mwenyewe alikuwa nani? Alfred Tucker alikuwa askofu Muingereza aliyefika Uganda mwaka 1890, akaondoka 1911. Mwaka 1893 aliweka wakfu mashemasi wa kwanza Waganda. Wakati ule wamisionari wengi waliona ni haraka sana. Yeye alitaka kanisa moja lenye sheria moja, ambamo mzungu na mwafrika wanakaa katika sinodi ileile. Wamisionari wenzake walimpinga miaka mingi. Ile katiba ilipita mwaka 1909 tu, na haikuwa vile alivyoiomba. Miaka mbili kisha kuondoka kwake, shule ikafunguliwa Mukono na ikapewa jina lake. Kwa hiyo toka mwanzo ilibeba swali moja: nani ana haki ya kufundishwa, na nani anaamua amefundishwa vya kutosha?

Kwa watu wa Boga, jibu la kwanza lilitoka kwa mtu ambaye hakupita Mukono kamwe. Apolo Kivebulaya, Muganda, alibatizwa 1895, na 1896 akavuka Semliki kuja Boga. Chifu Tabaro alimpokea, kisha akamgeuka. Apolo alipigwa, alifungwa juu ya kifo cha dada ya chifu aliyeangukia mkuki, na mwishowe Tabaro huyohuyo akaomba ubatizo. Apolo aliwekwa padri mwaka 1903, miaka kumi mbele ya shule ya Mukono kufunguliwa. Masomo yake ilikuwa kusoma Biblia, kutembea kwa miguu na kukaa na watu. Alifika mpaka kwa Wambuti mu pori, akasaidia Injili ya Marko ianze kuingizwa katika luga yao. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Wazee wanasimulia ya kama aliomba azikwe akielekea magaribi, upande wa pori la Congo, wala si upande wa kwao Buganda.

Katikati ya ile hadisi kuna mpaka. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana juu ya mipaka, na Boga ikaangukia Congo ya Wabelgiji. Kanisa lake lakini likabaki chini ya maaskofu wa Uganda mpaka 1972, wakati dayosisi ya Boga ilipoundwa na Philip Ridsdale akawa askofu wa kwanza. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 ya kanisa lenye miguu mbili: ardhi na kodi ni za Leta ya Congo, mafundisho na vitabu vinatoka ngambo ya Semliki. Pesa ya serkali ya Wabelgiji kwa mashule ilikuwa inaenda kwa misioni za Wakatolika. Waprotestanti waliingizwa katika ule musaada kisha vita ya pili ya dunia tu. Njo maana katekista wa Kianglikana wa Boga alizoea kulishwa na wanakijiji wenyewe. Alipewa shamba, kuku, mikono ya kumjengea nyumba. Ilikuwa namna ya umasikini, ndiyo. Lakini pia ilimfanya awe mutu wao.

Mukono yenyewe haikuwa mahali pa amani kila siku. Mwaka 1941 ilitokea pale kesi ambayo ingali inazungumzwa. Mwamko uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umeingia mpaka ndani ya shule. Wanafunzi wa ule mwamko, walokole, waliamka mbele ya jua kutoka ili kuomba na kuhubiri, na waliwahubiri wanafunzi wenzao, hata waalimu wao: wizi, uasherati, mafundisho waliyoona yanapunguza Biblia. Mukubwa wa shule, mumisionari John Jones, aliweka sheria ya kukataza yale makutano ya alfajiri. Walikataa. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, pamoja nao William Nagenda.

Kila upande ulikuwa na sababu. Shule ambamo wanafunzi wanahukumu waalimu kila asubui haiwezi kutembea. Lakini matokeo yalishangaza wote wawili. Nagenda hakuwekwa kamwe padri. Alibaki mhubiri wa kawaida mpaka kufa, na sauti yake ilisikika Afrika ya Mashariki yote, Ulaya na hata India, kuliko sauti ya wengi waliomaliza masomo na kupewa karatasi. Neno "mulokole" lilivuka mpaka, leo watu wa Ituri na Kivu wanalitumia bila kuuliza lilitoka wapi. Kanisa lilifunga mlango wa shule kwa watu ambao waumini walikuwa tayari kuwasikiliza. Hiyo haikuwa mara ya mwisho.

Mwaka 1997 mlango ulifungwa kwa namna ingine, tena bila mutu kufukuzwa. Kanisa la Uganda liligeuza Mukono kuwa univerisite, na 2004 ikapata charta ya serkali, kati ya vyuo binafsi vya kwanza kuipata nchini. Hesabu yake ni rahisi kuelewa. Dayosisi masikini inatuma wanafunzi wachache wa teolojia, na mara mingi inachelewa kuwalipia. Mwanafunzi wa sheria analipiwa na wazazi. Pesa ya wengi inashika paa la wote. Kenya walifanya vilevile: shule ya wachungaji iliyoanza Freretown, Mombasa, mwaka 1903, ikahamia Limuru 1930, na ikawa St Paul's University mwaka 2007. Mukono teolojia haikufa. Kitivo chake kinabeba mpaka leo jina la Bishop Tucker. Tena univerisite ilifungua kampasi mpaka Arua, karibu na Aru, mahali vijana wa Ituri wanaweza kufika kwa pikipiki.

Kwa hiyo kusema univerisite imeharibu shule ya wachungaji ni uongo. Bila univerisite, pengine nyumba nyingi za namna hiyo zingefungwa. Shida iko fasi ingine, na upande wa Congo ni kali zaidi. Kuingia masomo ya juu inaomba diploma ya Leta. Kisha kuja kwa mfumo wa LMD, toka mwaka wa masomo 2021-2022, masharti ya waalimu na programu yameongezeka tena. Katekista wa miaka 40 katika kijiji cha Irumu, aliyeacha shule ya sekondere juu ya vita, hana ile karatasi. Hata akiwa nayo, nani atamlipia masomo, na nani atalisha watoto wake kwa ile miaka atakaa Bunia? Kijana mwenye diploma naye anaingia, anamaliza, na wengi wanaona ni afazali kazi ya ONG ao parokia ya muji. Si zambi. Mushahara wa mchungaji wa kijiji ni sadaka ya watu ambao nao wamekimbia mashamba yao.

Na ni yeye, yule bila karatasi, ndiye anabaki. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, wiki chache tu kisha serkali kutangaza hali ya dharura katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, Boga na Tchabi zilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa. Ilikuwa siku ya kukumbuka kifo cha Apolo. Katika siku za namna ile, kijijini ao katika kambi ya wahami, kazi ya mchungaji si kuhubiri tu. Anazika, anaandika majina ya waliopotea, anapokea yatima, anakaa kati ya jamaa mbili zenye kushitakiana. Ni kazi ngumu kuliko mutihani wowote wa univerisite, na kwa kuifanya vizuri mutu anahitaji mafundisho: namna ya kusikiliza mwanamke aliyebakwa, sheria inasema nini juu ya ardhi, namna ya kusema na askari kwenye kizuizi.

Dayosisi ziko na shule za Biblia na masomo ya mbali, mahali mukatekista anasoma katika Kiswahili huku akilima. Hapo njo pangepaswa kwenda sehemu ya pesa inayoingia univerisite, hata kama ni ndogo. Univerisite inaweza pia kutuma waalimu wake wa teolojia vijijini wakati wa likizo, usalama ukiruhusu, na kutoa cheti ambacho hakiombi diploma ya Leta. Mambo haya yako mikononi mwa sinodi na wakubwa wa vyuo, hayangojei Kinshasa. Kuna neno moja lakini wanapaswa kulikata mbele: yule mukatekista, akimaliza na cheti chake, atawekwa padri ao ataambiwa tena karatasi yake haitoshi?