Kabla ya salto, matela iko wapi?

Wanaokumbuka tarehe 14 Desemba 2010 hawajamsahau kipa Robert Kidiaba. Kule Abu Dhabi, Mazembe ikiifunga Internacional ya Brazili 2-0, aliketi chini na kuruka-ruka kwa makalio juu ya majani. Dunia nzima ilicheka pamoja naye.

Leo vijana wanaochangamsha washabiki mjini Lubumbashi hawatosheki na hayo. Ngoma na fanfare zipo, lakini wao wanataka salto. Pita jioni kwenye viwanja vya Katuba au Kenya: mtoto anakimbia, anakanyaga pine ya gari iliyofukiwa nusu, anazunguka hewani. Wenzake wanapiga makofi. Chini ni udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji.

Hatusemi wakatazwe. Kushangilia kwa sarakasi ni mchezo kamili. Shirikisho lake la dunia lilitambuliwa rasmi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021. Tunachokataa ni kujifunza kwa kuangalia video kwenye simu, halafu kujaribu peke yako.

Salto haianzi na salto. Mtu anaanza na kubiringika, kisha anasimama kwa mikono mpaka mabega yazoee kubeba mwili. Baadaye gurudumu, rondadi, flipu. Rondadi ndiyo inayogeuza mbio za kwenda mbele kuwa nguvu ya kurudi nyuma. Ikiwa mbovu, kijana anatupwa nyuma badala ya kupanda juu, na kichwa kinafika chini kabla ya miguu. Ndiyo maana kocha mzuri anamshika mwanafunzi mgongoni na nyuma ya paja, mara nyingi, kwa miezi, kabla ya kumwachia. Video haina mkono.

Hata wenye vifaa wanaumia. Mwaka 2006 huko Marekani, msichana mmoja wa chuo kikuu alianguka kutoka juu ya piramidi ya wenzake katikati ya mechi ya basket, akapasuka mfupa wa shingo. Alitolewa kwa machela huku mikono yake ikiendelea kushangilia. Washabiki walimsifu sana. Wakubwa wa mashindano wao walikataza mara moja kurusha watu juu. Kwetu, tunaogopa kwamba tungeishia kwenye makofi.

Na akianguka mtu hapa? Desturi yetu ni kumwinua kwa mikono na kumpakia kwenye moto hadi Sendwe. Kwa shingo iliyoumia, safari hiyo yenyewe inaweza kumfanya asitembee tena. Aachwe alipolala, kichwa kishikwe kisitikisike, na watu wenye kujua kazi hiyo waje na ubao.

Wazazi, ulizeni mtoto anajifunza wapi na kwa nani. Kwa komite za washabiki, ombi letu si jengo la gharama. Shimo lililojazwa maranda ya mbao, yanayopatikana kwa kila seremala, linapokea mwili vizuri kuliko udongo. Matela nene mbili za sponji zinatosha kuanzia. Na mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo alipwe usafiri wake. Pesa hizo ziingie kwenye hesabu ileile inayonunua ngoma na fulana za msimu.