Sukari mzingani ni mkopo wa dharura

Wapo wafugaji wa nyuki wanaoiweka sukari katika hesabu za mtaji: kilo kadhaa wakati wa ukame, kisha asali maradufu. Hesabu hiyo ina kasoro.

Sukari humpa nyuki nguvu tu. Protini, mafuta na vitamini hutoka kwenye chavua, ule unga wa maua. Tumboni mwake wamo bakteria wanaosaidia kusaga chakula na kuzuia maradhi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chakula kilichochakaa huvuruga bakteria hao na kuongeza vifo. Nayo maji ya sukari yaliyochemshwa mno, hasa yakitiwa ndimu, hufanya sumu inayodhuru utumbo.

Mwenye fedha zake katika mizinga ya Tabora au Singida alishe njaa inapoingia tu, kwa sukari nyeupe na maji safi, na aache kabla miti haijachanua. Akichelewa, sukari itaingia kwenye asali, na sheria ya Ulaya ya mwaka 2001 inakataza asali iliyoongezwa kitu.

Nyuki mwenye afya ndiye mtaji. Gunia la sukari lina riba yake.